Usijifiche: hotuba kwa familia zetu kuhusu parole katika jimbo la New York

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa hapa Buffalo, mbele ya familia za Wakongo na Warundi, pamoja na ndugu zetu kutoka Tanzania na Kenya. Waliokuwa kazini waliomba niiandike yote, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya kufua, ya sokoni, na kwa wengine ni siku ya kulala baada ya zamu ya usiku. Kwa hiyo sitawapotezea muda.

Wengi mnanifahamu. Ninafanya kazi na mawakili wanaowatetea watu wasioweza kulipa wakili. Mimi si wakili. Ndiye ninayebeba mafaili, ninayepiga simu kwa familia, ninayekaa na mama kwenye benchi nje ya chumba cha kikao tukisubiri jina la mwanawe liitwe. Nimekaa kwenye benchi hilo na baadhi yenu mlio hapa, wala sitasema ni nani.

Leo nimekuja kusema hadharani jambo ambalo kwetu husemwa jikoni kwa sauti ya chini. Ndugu yetu ametoka gerezani kwa parole. Halafu amevunja sharti. Nini kinafuata? Nani anaamua? Anaweza kurudishwa ndani kwa muda gani? Na sisi wa nyumbani tufanye nini siku hiyo?

Neno langu kubwa nalisema sasa hivi, ili hata atakayetoka mapema kuwahi kazi aondoke nalo. Katika jimbo hili la New York, kosa dogo la masharti mara nyingi halimrudishi mtu ndani. Kujificha ndiko kunakomrudisha. Narudia, kwa ajili ya waliokuwa wanabembeleza watoto: kujificha ndiko kunakomrudisha.

Kwanza tuelewane parole ni nini. Ni kutumikia sehemu ya kifungo ukiwa nje, chini ya uangalizi wa afisa. Wengine wametolewa na Bodi ya Parole baada ya kuhojiwa. Wengine kifungo chao kilipangwa na jaji tangu mwanzo kuwa na miaka kadhaa ya uangalizi baada ya gereza. Wote wawili wanasimamiwa na idara ileile inayoendesha magereza ya jimbo, na wote wawili siku ya kutoka walitia saini karatasi ya masharti.

Karatasi hiyo mmeiona? Nauliza akina mama. Ipo kwenye droo, ndani ya bahasha ya kahawia, na katika nyumba kumi labda moja tu imewahi kuisoma. Inasema hivi: fika ofisi ya afisa ndani ya saa 24 baada ya kutoka. Usitoke nje ya jimbo bila ruhusa. Mruhusu afisa kuja nyumbani na kupekua. Jibu maswali yake kwa ukweli. Ukikutana na polisi kwa jambo lolote, mwarifu mara moja. Usitangamane na watu unaojua wana rekodi ya jinai. Usiwe na silaha. Usitumie dawa za kulevya. Chini yake kuna masharti ya pekee ya mtu huyo: saa ya kurudi nyumbani, matibabu, asimkaribie fulani. Afisa akija saa 12 asubuhi na kufungua kabati la mtoto wako, mama, usishangae. Mwanao alikubali hilo kwa mkono wake.

Sisi tuliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania, hatuhitaji kufundishwa maana ya kibali. Tulikaa kambini miaka na miaka bila ruhusa ya kutoka nje ya mpaka wa kambi, kilomita 4 tu, ila kwa karatasi ya mkuu wa kambi. Na tulifanyaje? Tulitoka. Tulitoka alfajiri kutafuta kuni, kutafuta kibarua kwenye mashamba ya wenyeji, na tulipoona sare tuliingia vichakani. Watoto wetu walikua wakituona tukiingia vichakani. Siwalaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya mama yangu. Kujificha kulitulisha. Lakini tabia ileile tumeibeba mpaka hapa, na hapa inatuumiza. Hilo ndilo lililonileta leo.

Jambo la kwanza: mtu wa parole ana haki ya kusikilizwa.

Nitawasimulia kisa cha kweli kutoka jimbo la Iowa. Mwaka 1967 mtu aitwaye Morrissey alikiri kosa la hundi za uongo, akahukumiwa kifungo kisichozidi miaka 7. Juni 1968 akatoka kwa parole. Miezi 7 baadaye akakamatwa. Alikuwa ameua? Aliiba? La. Alinunua gari kwa jina lisilo lake, akaliendesha bila ruhusa ya afisa wake, na baada ya ajali ndogo akawadanganya polisi kuhusu anwani na bima. Afisa akaandika ripoti. Bodi ikaisoma ripoti. Parole ikafutwa, akarudishwa gerezani. Mwenzake aitwaye Booher naye alirudishwa hivyohivyo, kwa mambo kama leseni ya udereva ya jina la uongo, kutoka nje ya eneo lake na kutodumu kazini.

Nani aliwauliza wanasema nini? Hakuna. Nani aliwaonyesha ushahidi? Hakuna. Karatasi ilitoka meza moja kwenda meza nyingine, na mtu akarudi nyuma ya nondo.

Kesi hiyo ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1972 Jaji Mkuu Warren Burger akasoma uamuzi ambao mpaka leo unamlinda mwanao. Mahakama ilisema: ni kweli mtu wa parole hana uhuru wote wa raia wa kawaida, lakini uhuru alio nao ni wa thamani, na serikali haiwezi kuuchukua kimyakimya. Kuwe na vikao viwili. Cha kwanza kifanyike mapema, karibu na mahali alipokamatwa, kuona kama kuna sababu ya kumshuku. Cha pili kiamue kama kweli alivunja sharti, na kama anastahili kurudishwa. Aandikiwe tuhuma zake. Aonyeshwe ushahidi. Aseme mwenyewe na alete mashahidi. Awahoji wanaomshitaki, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kuzuia. Anayesikiliza asiwe yule afisa aliyemripoti. Na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake.

Hiyo ndiyo sakafu. Hakuna jimbo linaloruhusiwa kushuka chini ya hapo. Juu ya sakafu hiyo kila jimbo limejenga kwa namna yake, kwa hiyo mtoto wa ndugu yako akipata tatizo jimbo lingine, usimshauri kwa mambo ya New York. Texas, mtu aliyekamatwa kwa hati ya parole kwa kawaida hapati dhamana, na hatima yake huamuliwa na jopo la watu 3. California, tangu Julai 2013 mashauri mengi ya namna hii husikilizwa na mahakama za kaunti, na adhabu kwa kawaida haizidi siku 180 katika jela ya kaunti. Jamaa zetu wa Portland kule Maine wako kwenye utaratibu tofauti kabisa, maana Maine ilifuta parole mwaka 1976. Kwa hiyo tulia, muulize wakili wa hukohuko.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa New York hali ilikuwa mbaya mpaka juzijuzi. Mtu alikosa miadi na afisa wake, au alichelewa saa ya kurudi nyumbani, au kipimo kilionyesha pombe, akatolewa hati ya kukamatwa na kuwekwa ndani papo hapo. Alisubiri kikao akiwa jela, wiki baada ya wiki. Kazi ikapotea. Nyumba ikapotea. Hata angeshinda kikao, angetoka akute hana kitu. Na akishindwa angeweza kupewa mwaka mzima kwa jambo ambalo kwa mtu mwingine si kosa hata kidogo. Mniambie, kuna sheria inayomfunga baba yenu kwa sababu amerudi nyumbani saa 4 usiku?

Septemba 17, 2021, gavana Kathy Hochul alitia saini sheria mpya iitwayo Less Is More. Ilikuwa imepiganiwa kwa miaka na watu waliowahi kufungwa wenyewe, na bungeni ilibebwa na seneta Brian Benjamin na mbunge Phara Souffrant Forrest, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa uuguzi. Siku hiyohiyo watu 191 waliokuwa Rikers, jela kubwa ya kisiwani kule New York City, waliagizwa waachiwe. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili, siku 2 baadaye, mtu mwingine aliyekuwa ameshikiliwa Rikers kwa kosa la masharti alifariki akiwa bado mikononi mwa jela. Nawaambia hili ili msidhani tunazungumzia makaratasi. Mtu alikufa akisubiri kusikilizwa kwa kosa la masharti.

Sheria hiyo ilianza kutumika yote Machi 1, 2022. Sikilizeni inavyofanya kazi. Hapa nitakwenda polepole, na mwenye kalamu aandike.

Makosa yamegawanywa mafungu mawili. Kuna kosa la masharti tu, yaani jambo ambalo si jinai: miadi, saa ya kurudi, kutoka jimbo bila ruhusa. Na kuna kosa lisilo la masharti tu, yaani kitendo ambacho chenyewe ni jinai mpya, kidogo au kikubwa. Kwa waliofungwa kwa makosa ya ngono, kuvunja masharti yanayohusiana na kosa lao nako huhesabiwa kwenye fungu hili zito.

Kwa fungu la kwanza, yapo mambo ambayo hayaruhusiwi kumrudisha mtu ndani hata siku moja. Kuchelewa saa ya kurudi: hakuna. Kunywa pombe au kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kama kosa lake la awali lilikuwa kuendesha gari akiwa amelewa: hakuna. Kutotoa taarifa kwamba kazi imebadilika: hakuna. Kushindwa kulipa ada na tozo: hakuna. Kwa mambo hayo afisa hapaswi hata kuomba hati ya kukamata. Anaandika notisi, na mtu anafika kwenye kikao kwa miguu yake mwenyewe.

Makosa mengine ya masharti yana ngazi. La kwanza halina jela. La pili halina jela. La tatu, jela isiyozidi siku 7. La nne, isiyozidi siku 15. La tano na kuendelea, isiyozidi siku 30. Mnasikia tofauti? Zamani mwaka, leo siku 30, na hizo ni kwa mtu aliyekwisha thibitishiwa makosa mara nne kabla.

Na kuna zawadi pia, ambayo vijana wengi hawaijui. Kila siku 30 unazokaa bila kosa, sheria inakupunguzia siku 30 za uangalizi. Miaka minne inaweza kuisha kwa miwili. Wenye uangalizi wa maisha hawamo katika hesabu hiyo, lakini wengine wote wamo. Kijana, hilo likutie hamu.

Utaratibu wenyewe nao una saa zake. Akikamatwa kwa hati, ndani ya saa 24 lazima apelekwe mbele ya hakimu wa mahakama ya jinai, ambaye ataamua kama abaki ndani au asubiri nje. Kwa kosa la masharti, kanuni ni asubiri nje, isipokuwa ionekane wazi kwamba hatarudi. Kikao cha awali: ndani ya siku 5 kama yuko ndani, siku 10 kama yuko nje. Kikao cha mwisho: ndani ya siku 30 kama yuko ndani, 45 kama yuko nje. Hatua zote hizo ana haki ya wakili, na kama hana fedha anapewa. Na katika kikao cha mwisho upande wa parole lazima ulete ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Zamani ilitosha mizani iinamie upande wao kidogo tu. Sasa haitoshi.

Nilimwona mtu mmoja wa kwetu akifaidika na hayo. Baba wa watoto, aliyekuwa amefika miadi zake zote. Shangazi yake akafariki Erie, kule Pennsylvania, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Msiba ukaitwa Ijumaa jioni, maziko Jumamosi. Akampigia afisa wake simu, ikalia bila kupokelewa. Mniambie ukweli: nani kati yetu angebaki Buffalo? Akaingia kwenye gari na wajomba zake akaenda. Sasa Jumatatu ilipofika, wajomba walimwambia anyamaze. Nani atajua? Mke wake akakataa. Akamwambia nenda ofisini leo, na uchukue hii. Akampa karatasi ya ibada ya maziko yenye picha ya marehemu na tarehe, pamoja na simu inayoonyesha saa aliyompigia afisa. Alikwenda mwenyewe. Liliandikwa kuwa kosa la masharti, la kwanza. Hakulala ndani hata usiku mmoja. Angeweza pia kuacha ujumbe wa sauti na kumwomba mchungaji awapigie. Wachungaji, simu zenu ziwe wazi kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ndilo lile nililolitaja mwanzoni, na hapa naomba mnivumilie, maana linanichoma.

Ndani ya sheria hii nzuri kuna kosa moja la masharti ambalo halisubiri mara ya tatu. Linaitwa kutoroka uangalizi. Mara ya kwanza tu, jela hadi siku 7. Mara ya pili, hadi 15. Mara ya tatu na kuendelea, hadi 30. Na muda wote uliotoroka, zile siku za zawadi huzipati. Sheria inalieleza vizuri: ni mtu anayekwepa kwa makusudi, ameacha kuwasiliana na afisa, hakusema amehamia wapi, na afisa amejaribu kwa juhudi za haki kumpata akashindwa.

Tazameni maneno hayo. Kwa makusudi. Afisa amejaribu akashindwa. Sasa nani humfanya afisa ashindwe?

Kijana mmoja, umri wake ishirini na kitu, aligombana na baba yake wa kambo. Akachukua begi, akaenda kulala kwa rafiki yake upande wa West Side. Hakufanya jinai yoyote. Kazini alikuwa anakwenda. Kosa lake lilikuwa kubadilisha mahali pa kulala bila kusema. Afisa akaja nyumbani, akagonga. Mama akachungulia dirishani, akaona beji, na moyo ukaruka. Akamtuma binti wa miaka 11 aseme hakuna mtu. Afisa akaacha kadi mlangoni. Mama akaiweka ndani ya Biblia, hakumwambia mwanawe. Afisa akarudi tena, safari hii mama mwenyewe akasema, "Hatumjui aliko." Naye alimjua. Alikuwa anampelekea ugali na sombe kila Jumapili.

Mama huyo alikuwa mwovu? Hata kidogo. Alifanya kilichowaokoa wanawe vitani. Alimficha mwanawe asionekane na mtu mwenye sare. Lakini kwenye ripoti, kila jibu la mlangoni liliandikwa kuwa juhudi ya afisa iliyoshindwa. Kosa ambalo lingeisha kwa mazungumzo ofisini likageuka kutoroka, hati ikatoka, na kijana akakamatwa kazini mbele ya msimamizi wake. Jela alikaa siku chache tu. Kazi hakuipata tena.

Kwa hiyo nasema kwa heshima yote kwa akina mama: mlango ukigongwa, fungua. Usidanganye. Kama hutaki kusema mengi, una haki ya kusema, "Nitampa ujumbe, naomba namba yako." Kisha umpe ujumbe, siku hiyohiyo. Kadi isilale ndani ya Biblia.

Na wewe kijana uliyehama, uliyeogopa kipimo, uliyekosa miadi wiki iliyopita na sasa unaona aibu kurudi: rudi Jumatatu. Ukiogopa kwenda peke yako, pitia kwetu kwanza, tutakutafutia wakili wa kuongozana nawe. Mtu aliyejipeleka na mtu aliyekamatwa hawasikilizwi kwa sikio moja. Hakimu anapouliza kama huyu atarudi kikaoni akiachiwa, jibu zuri kuliko yote ni kwamba amekuja mwenyewe.

Jambo la tatu linawahusu wazee, na nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa kwa heshima.

Kuna masharti ambayo familia haiwezi kuyafuta. Mume alimpiga mkewe, akafungwa, akatoka kwa parole, na mahakama imetoa amri ya ulinzi: asimkaribie mke huyo, asimpigie simu, asifike nyumbani. Baada ya miezi wazee wanakaa. Mume anaomba msamaha, soda zinanunuliwa, mke anasema amesamehe, watoto wanalia kwa furaha. Usiku ule anarudi nyumbani. Tumefanya kazi nzuri, sivyo?

Tumempeleka kwenye jinai mpya. Kuvunja amri ya ulinzi ni kosa la jinai kwa peke yake hapa New York, hata kama mke mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango na kumpakulia chakula. Amri ile haimfungi mke. Inamfunga mume, na anayeweza kuibadilisha ni jaji tu. Na kwa kuwa ni jinai, zile ngazi za siku 7, 15 na 30 hazimkingi. Anaweza kurudishwa ndani kwa muda mrefu sana, na juu yake akafunguliwa kesi nyingine.

Niliona hilo likitokea kwenye nyumba ninayoijua, baada ya suluhu iliyofanywa kwa nia njema kabisa. Jirani alipiga simu kwa sababu ya kelele, na kelele zenyewe zilikuwa za televisheni. Polisi walipofika waliangalia jina, wakaona amri. Hakuna aliyeuliza habari ya suluhu.

Wazee, pataneni kwa kadiri mtakavyo. Lakini kabla mume hajarudi nyumbani, mke aende kwa wakili au kwa ofisi inayosaidia wanawake waliopigwa, awe peke yake bila ya sisi kumsukuma, aseme anachotaka kweli. Kama anataka amri ibadilishwe, jaji aombwe. Na kama anaogopa, na amesamehe mdomoni tu kwa sababu chumba kilijaa wazee, basi amri ile ibaki palepale ilipo. Mimi ni mtetezi wa watu wa parole, mnajua. Lakini sitasimama hapa nimtetee mume dhidi ya usalama wa mke wake.

Namalizia kwa yale ya siku ya kikao chenyewe, kwa haraka.

Usimtumie mtoto kuwa mkalimani. Ofisi za jimbo zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Sema tu, "Swahili interpreter, please," hata kama ndicho Kiingereza pekee unachokijua, na usiendelee mpaka apatikane. Kama lugha yako ya moyoni ni Kibembe au Kirundi, omba hiyo. Na acheni kuitikia kwa kichwa. Sisi kwetu mtu mkubwa akiongea unaitikia kwa adabu, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nimemwona baba akiitikia hivyo mbele ya hakimu aliyekuwa anamsomea tuhuma, na wakili akalazimika kusimama haraka kueleza kwamba mteja wake hajakiri chochote. Kukiri ni uamuzi mkubwa. Kwa asiye raia, kukiri mambo ya dawa za kulevya kunaweza kugusa hata makaratasi ya uhamiaji, kwa hiyo usikiri neno kabla wakili anayejua uhamiaji hajakusikia.

Njooni na karatasi. Barua ya mwajiri, hati za malipo ya kazi, cheti cha darasa, kadi za miadi ya kliniki. Njooni na miili yenu pia. Hakimu anapotazama nyuma akaona safu nzima ya shangazi na wajomba waliochukua ruhusa kazini, anajua mtu huyu ana pa kurudi. Na uamuzi ukitoka vibaya, muulizeni wakili siku hiyohiyo habari ya rufaa, maana nayo ina siku zake.

Kuna daftari pale mezani karibu na birika la chai. Mwenye ndugu ambaye ana kikao mwezi huu aandike namba ya simu tu, jina si lazima, nami nitampigia Jumatatu. Mwenye gari na nafasi siku za kazi aandike ukurasa wa pili, kwa sababu wapo akina mama wanaokosa kikao kwa kukosa usafiri. Sasa naomba maswali. Tuanze na upande wa akina mama, maana nimeona mikono yenu imeinuka tangu nilipotaja amri ya ulinzi.